Ankara za Wateja Zinachanganyika, na Saa Imeganda

SWALI

Mimi ni binti niliyemaliza stashahada ya TEHAMA, naishi Morogoro. Duka moja la dawa lilinipa kazi ya kuwaandikia mfumo wa mauzo, nikauandika kwa Python. Muuzaji anachagua dawa kwenye kompyuta, mfumo unatoa ankara na kupunguza dawa stoo, kisha yeye anaingiza jumla kwenye mashine ya EFD kwa mkono na kumpa mteja risiti.

Mwanzoni kila mtu alifurahi. Sasa ankara zinachanganyika. Mama amekuja kununua dawa ya kikohozi ya mtoto, ankara yake inatoka na dawa ya presha ya mzee aliyeondoka dukani muda mrefu. Kadiri siku inavyosonga, ankara hizo zinazidi kuwa ndefu. Haitokei kwa kila mteja, na nyumbani nikijaribu kwenye kompyuta yangu naona kila kitu kiko sawa. Nikiiwasha seva upya tatizo linaisha, mchana linarudi. Bosi ameamua iwe inawashwa upya kila asubuhi kabla ya kufungua. Stoo nako kompyuta inasema amoksilini imekwisha, kumbe rafu imejaa. Wauzaji wameanza kurudi kwenye daftari.

Nimeusoma msimbo wangu hadi macho yanauma na sioni kosa. Nimeambatanisha funksheni ninazozishuku. Halafu kuna kitu kingine kidogo, sijui kama kinahusiana: mauzo yote ya jana yanaonyesha saa 1:58 asubuhi, hata yale ya jioni. Nisaidie Mwalimu, naogopa watanifukuza.

Binti wa Moro

JIBU

Pole kwa mawazo, mwanangu. Hicho kitu ulichokiita kidogo ndicho kilichonipa jibu kabla hata sijafungua msimbo ulioambatanisha. Ankara zinazochanganyika na saa iliyoganda ni kosa moja lililojitokeza sehemu mbili, na marekebisho yake ni mistari michache. Kazi kubwa itakuwa kusafisha kumbukumbu zilizokwisha kuharibika, nayo nitaifikia.

Tuanze na ankara. Funksheni yako, nikiifupisha, ni hii:

    def ongeza_dawa(dawa, ankara=[]):
        ankara.append(dawa)
        return ankara

Ulichokusudia kinaeleweka. Anayeiita funksheni akiwa na ankara tayari, dawa iongezwe humo. Asipokuwa nayo, ianze ankara tupu. Hiyo `ankara=[]` ni thamani ya chaguomsingi, inayotumika pale anayeita asipotaja chochote. Wewe ulitarajia Python itengeneze orodha mpya kila funksheni inapoitwa bila ankara. Python haifanyi hivyo. Inatengeneza orodha moja tu, pale inapoutekeleza mstari wa `def`, yaani seva inapowaka na faili lako linapopakiwa. Orodha hiyo inahifadhiwa ndani ya funksheni yenyewe na kukaa humo hadi seva izimwe. Kila mteja anayekuja bila ankara anapewa hiyohiyo moja. Ni sawasawa na mwenye duka kununua daftari moja la madeni na kuwaandika wateja wote kwenye ukurasa mmoja bila kupiga mstari kati yao.

Fungua Python kwenye kompyuta yako, bandika funksheni hiyo, kisha iite mara mbili mfululizo bila kufunga:

    >>> ongeza_dawa("dawa ya presha")
    ['dawa ya presha']
    >>> ongeza_dawa("dawa ya kikohozi")
    ['dawa ya presha', 'dawa ya kikohozi']
    >>> ongeza_dawa.__defaults__
    (['dawa ya presha', 'dawa ya kikohozi'],)

Mstari wa mwisho uangalie kwa makini, maana ndio unaomaliza ubishi. `__defaults__` ni mahali funksheni inapotunza thamani zake za chaguomsingi, na unaweza kuchungulia wakati wowote. Ungechungulia mara tu baada ya `def`, ungekuta orodha tupu. Sasa ina dawa za watu wawili wasiojuana, na ukiita tena itakuwa na za watatu.

Ukishaliona hilo, yote yaliyokutatiza yanapata maelezo. Kuwasha seva upya kunautekeleza upya mstari wa `def`, kwa hiyo orodha inazaliwa upya ikiwa tupu. Nyumbani huoni kosa kwa sababu unaendesha programu, unajaribu ankara moja, unaifunga, unabadilisha kitu, unaendesha tena. Kila safari orodha ni mpya. Dukani seva inakaa macho kutwa nzima, na orodha inaendelea kunenepa. Kuhusu kutotokea kwa kila mteja, kuna sababu mbili. Ya kwanza nimeiona kwenye msimbo wako: muuzaji akifungua ankara kwa jina la mteja unapeleka orodha yake mwenyewe, lakini kitufe cha Mauzo ya Haraka kinaita `ongeza_dawa` bila ankara, na hapo ndipo chaguomsingi inapotumika. Ya pili ni kwamba mfumo wako unaendeshwa na Gunicorn, na kwenye mipangilio uliyonitumia umeweka michakato minne. Kila mchakato una kumbukumbu yake na kwa hiyo una orodha yake. Ombi la yule mama likiangukia mchakato uliomhudumia mzee, anakuta dawa ya presha. Likiangukia mwingine ambao haujahudumia mtu, anapata ankara safi. Hakuna muuzaji wala mtumiaji awezaye kutabiri.

Ile amri ya kuwasha seva kila asubuhi naomba usiikubali kuwa ndiyo suluhisho. Inafanya asubuhi ionekane nzuri na kuuachia mchana uharibike. Na hili ni duka la dawa. Mtu akiona dawa za mwenzake kwenye ankara yake amejua ugonjwa wa mwenzake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mwambie bosi hivyo kwa heshima, lakini mwambie.

Wala usijione mjinga. Kosa hili ni maarufu kiasi kwamba mafunzo rasmi ya Python yenyewe yana onyo juu yake, na mfano wanaoutoa unafanana sana na wako: funksheni yenye orodha tupu kama chaguomsingi. Watu wenye uzoefu mrefu hulifanya, hasa waliotoka lugha nyingine. Linatokana na jinsi lugha ilivyojengwa. Katika Python, `def` ni amri inayotekelezwa kama amri nyingine yoyote. Ikitekelezwa inatengeneza kitu kiitwacho funksheni, na thamani za chaguomsingi zinakokotolewa papo hapo, mara moja, kisha zinabebwa na funksheni hiyo. Kuna faida yake: kama thamani ni ghali kuitengeneza, unailipia mara moja tu. Mwaka 2021 Chris Angelico aliandika pendekezo, PEP 671, la kuongeza alama `=>` ili anayetaka thamani ikokotolewe upya kila funksheni inapoitwa aweze kusema hivyo waziwazi. Halijaingizwa kwenye lugha, kwa hiyo ulinzi unabaki mikononi mwetu tunaoandika.

Ulinzi wenyewe ni huu:

    def ongeza_dawa(dawa, ankara=None):
        if ankara is None:
            ankara = []
        ankara.append(dawa)
        return ankara

`None` haina cha kubadilishwa ndani yake, kwa hiyo haidhuru ikikaa kwenye funksheni mwaka mzima. Orodha sasa inatengenezwa ndani ya mwili wa funksheni, na mwili unatekelezwa kila inapoitwa. Fanya vivyo hivyo kwa kamusi, `{}`, na kwa seti, na kwa kitu chochote ulichokiunda mwenyewe ambacho maudhui yake hubadilika. Namba, maandishi, `True` na `False` havina tatizo. Hivyo unaweza kuviweka bila wasiwasi.

Utakutana na watu wanaoandika kwa mkato:

    ankara = ankara or []

Usiwafuate. Neno `or` halitofautishi kati ya "hakutaja ankara" na "ametaja ankara ambayo bado ni tupu". Fikiria muuzaji amefungua ankara mpya ya mteja, haina kitu bado, akaipeleka kwenye funksheni. `or` inaiona tupu, inaitupa, inatengeneza nyingine, na dawa inaandikwa kwenye hiyo nyingine. Ile aliyoishika muuzaji inabaki tupu. Kosa hilo ni gumu kulinasa kuliko la kwanza, kwa sababu linatokea pale tu ankara iliyopelekwa ni tupu. Andika `is None` kila mara, hata kama inaongeza mstari.

Kuna jambo jingine ambalo `None` pekee hailiponyi. Funksheni yako bado inabadilisha orodha iliyopewa na mtu mwingine. Hapa ulikusudia hivyo, basi sawa. Lakini siku utakapoandika funksheni ya kukokotoa punguzo, au ya kupanga dawa kwa bei, usiguse orodha ya mwenyewe. Tengeneza nakala kwa `list(ankara)` kisha fanya kazi yako humo. Mimi binafsi, pale inapowezekana, hupenda funksheni irudishe orodha mpya na isiguse ya zamani kabisa:

    def ongeza_dawa(dawa, ankara=()):
        return [*ankara, dawa]

Hayo mabano matupu, `()`, ni mfuatano usiobadilika. Huwezi kuuongezea kitu hata ukitaka, kwa hiyo unafaa kuwa chaguomsingi bila `if` yoyote. Ukichagua njia hii itabidi ubadilishe na sehemu zinazoiita, zipokee kinachorudishwa. Kwa sasa, dukani kukiwa na moto, tumia ile ya `None`. Hii ya pili ifikirie ukishatulia.

Sasa saa. Uliandika hivi:

    def hifadhi_mauzo(ankara, jumla, saa=datetime.now()):

Bila shaka umeshaona mwenyewe. `datetime.now()` imeitwa pale `def` ilipotekelezwa, ikatoa saa ya wakati huo, na saa hiyo ikahifadhiwa. Saa 1:58 asubuhi ndiyo saa seva ilipowashwa jana kabla ya duka kufunguliwa. Hapa hakuna orodha wala kamusi, na thamani yenyewe haibadiliki kabisa, ndiyo maana watu waliokariri kwamba "orodha ni hatari" hulipita kosa hili bila kuliona. Ukiona mabano ya kuita funksheni upande wa kulia wa alama ya `=` kwenye mstari wa `def`, simama ujiulize ni lini inaitwa. Saa ya sasa, namba ya bahati nasibu, namba ya ankara inayofuata, mipangilio inayosomwa kwenye faili: vyote hivi vikiwekwa pale vinaganda. Rekebisha kwa njia ileile, `saa=None`, halafu ndani uite `datetime.now()`.

Kama siku moja utahamia Django, utakutana na jambo hili kwenye majedwali ya kanzidata. Pale unaandika `default=timezone.now` bila mabano mwishoni, ili Django ipewe funksheni yenyewe na iiite kila kumbukumbu mpya inapotengenezwa. Ukiweka mabano umeipa saa iliyokwisha kupita. Mabano mawili tu, na rekodi zote za siku zinakuwa za asubuhi.

Nimeona pia umeanza kuandika madarasa, na darasa lako la `Mteja` lina `def __init__(self, jina, dawa=[])`. Hapo wateja wote ambao hukuwatajia dawa wanashika orodha moja. Bado hujalitumia, kwa hiyo halijaleta balaa; lirekebishe leo. Njia nzuri zaidi ni kutumia `dataclass`, iliyokuja na Python 3.7 mwaka 2018. Ukiandika humo `dawa: list = []`, Python inakataa palepale kwa `ValueError` na kukuelekeza utumie `default_factory`. Unaandika:

    @dataclass
    class Mteja:
        jina: str
        dawa: list = field(default_factory=list)

na kila mteja anapata orodha yake. Napenda sana uamuzi huo wa waliobuni `dataclass`. Walikuwa wamewaona watu wakiumia kwa kosa hili miaka mingi, wakaamua programu isimame mapema, kabla mteja yeyote hajafika kaunta.

Ukurasa wa muuzaji umeuandika kwa JavaScript. Huko chaguomsingi, iliyoingia kwenye lugha mwaka 2015, inakokotolewa upya kila funksheni inapoitwa, kwa hiyo `ankara = []` haina madhara. Angalia kitu kimoja tu: chaguomsingi ya JavaScript inatumika pale thamani ni `undefined`, na haitumiki pale ni `null`. Python yako ikituma `None` kwenye JSON inafika upande wa pili ikiwa `null`, inapita moja kwa moja hadi ndani ya funksheni, na ukurasa unakwama kwenye `null` ukisubiri orodha. Iangalie mwenyewe kabla ya kuitumia.

Kuna mahali `None` nayo haitoshi. Una funksheni ya kubadilisha taarifa za mteja, yenye `simu=None`. Mteja akisema futeni namba yangu, utatuma `None`. Muuzaji akibadilisha jina tu bila kutaja simu, pia ni `None`. Funksheni haiwezi kujua yupi ni yupi, na hivi ulivyoandika inafuta namba za watu kila jina linaporekebishwa. Tengeneza alama yako ya pekee juu ya faili:

    HAIKUTAJWA = object()

    def badilisha_mteja(mteja, jina=HAIKUTAJWA, simu=HAIKUTAJWA):
        if jina is not HAIKUTAJWA:
            mteja.jina = jina
        if simu is not HAIKUTAJWA:
            mteja.simu = simu

Kitu hicho hakilingani na kingine chochote duniani isipokuwa chenyewe, kwa hiyo `None` inabaki na maana moja, ya kufuta.

Hadi hapa nimezungumzia lini thamani inatengenezwa. Kuna swali jingine ambalo kwa duka la dawa nalipa uzito uleule: ni thamani gani unayoichagua kwa niaba ya mtu aliyesahau. Kwenye msimbo wako kuna hii:

    def toa_dawa(dawa, idadi, angalia_cheti=False):

Maana yake ni kwamba anayeita funksheni hii akisahau kigezo cha tatu, dawa inayohitaji cheti cha daktari inatoka bila cheti. Najua uliweka hivyo kwa sababu dawa nyingi dukani hazihitaji cheti na ulitaka kuwarahisishia wauzaji. Lakini wewe leo unakumbuka. Atakayeongeza ukurasa mpya mwakani hatakumbuka, na hatajua kama kuna kitu amesahau. Chaguomsingi iwe ile ambayo kuisahau hakumdhuru mgonjwa. Anayetaka kuruka ukaguzi alazimike kuandika kwa maneno yake kwamba anauruka:

    def toa_dawa(dawa, idadi, *, angalia_cheti=True):

Hiyo nyota inamaanisha kwamba kigezo kinachofuata lazima kitajwe kwa jina. Bila nyota mtu anaweza kuandika `toa_dawa(x, 10, False)`, na atakayeisoma baadaye hajui hiyo `False` inakataa nini. Kwa nyota ataandika `angalia_cheti=False`, na kila anayepitia msimbo ataliona na kuuliza kwa nini. Kuna mtihani mwepesi ninaoupenda: tafuta neno hilo kwenye faili zote. Kila mahali panapotokea ni mahali ambapo binadamu aliamua kwa makusudi, na unaweza kupahesabu.

Wajenzi wa zana tunazotumia kila siku wamepitia njia hiyohiyo. Kwa miaka mingi maktaba za Python zenyewe zilikuwa zikifungua tovuti za `https` bila kukagua cheti cha usalama cha seva usipoomba. Toleo la 2.7.9, la Desemba 2014, likageuza chaguomsingi hiyo ili ukaguzi uwepo usipotaja chochote. Maktaba ya PyYAML nayo ilikuwa na `yaml.load` ambayo, ukiiita bila kutaja kisomaji, faili baya lingeweza kuendesha amri kwenye kompyuta yako. Toleo la 5.1 la mwaka 2019 likaanza kutoa onyo, na toleo la 6.0 la mwaka 2021 likaiondoa kabisa chaguomsingi hiyo, ukitaka kuitumia lazima useme unasoma kwa njia gani. Uamuzi huo wa mwisho uuweke akilini. Pale ambapo hakuna thamani moja iliyo salama kwa kila mtu, usiweke chaguomsingi. Acha funksheni ilalamike kwamba haikuambiwa. Idadi ya vidonge ni mfano mzuri: mahali pengine umeweka `idadi=1`. Iondoe, muuzaji ataje.

Na kwa kuwa unatumia `requests` kupeleka taarifa za stoo kwa msambazaji, ujue kwamba usipotaja `timeout` inaweza kusubiri bila kikomo. Siku seva ya msambazaji ikilala, kaunta yenu nayo italala. Taja sekunde, hata kumi.

Marekebisho ukishayafanya, weka mlinzi. Ulisema nyumbani jaribio lako linaonyesha kila kitu kiko sawa. Linapita kwa sababu linaita funksheni mara moja. Kosa la aina hii halionekani hadi iitwe mara ya pili:

    def test_ankara_mbili_hazichanganyiki():
        ongeza_dawa("dawa ya presha")
        ya_pili = ongeza_dawa("dawa ya kikohozi")
        assert ya_pili == ["dawa ya kikohozi"]

Liendeshe kwanza dhidi ya msimbo wa zamani ulione likishindwa, ndipo uubadilishe. Kisha sakinisha programu ya kukagua msimbo. Ruff ni ya haraka na ya bure. Washa kundi la kanuni za B. B006 inanasa orodha na kamusi zilizowekwa kama chaguomsingi, B008 inanasa funksheni zinazoitwa kwenye mstari wa `def` kama ile saa yako. Pylint nayo ina onyo lake, W0102, kwa ajili ya orodha na kamusi. Ukizipitisha kwenye msimbo wote zitakuonyesha sehemu ambazo mimi sikuzipata, kwa kuwa hukunitumia zote. Hazitakuonyesha `angalia_cheti=False`. Hiyo ni ya kuisoma kwa macho yako, funksheni moja baada ya nyingine, na kwa duka hili naona inafaa ukae na mfamasia mkipitia pamoja.

Sasa kumbukumbu zilizoharibika. Kurekebisha msimbo kunazuia ankara mpya zisichanganyike. Za nyuma bado zimo kwenye kanzidata, na stoo imepunguzwa mara mbili mbili, ndiyo maana amoksilini imekwisha kwenye kompyuta na imejaa rafuni. Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala ya kanzidata nzima na uihifadhi nje ya seva.

Habari njema ni kwamba uharibifu huu una mpangilio. Orodha ile iliongezewa tu, haikupunguzwa kamwe, kwa hiyo kila ankara ya Mauzo ya Haraka iliyoharibika inaanza na dawa zote za ankara ya Mauzo ya Haraka iliyotangulia kwenye mchakato uleule, kwa utaratibu uleule, halafu ndipo zinafuata dawa halisi za mteja. Chukua ankara za siku moja, zipange kwa namba, kwa sababu saa haikusaidii, na kwa kila moja rudi nyuma utafute ndefu kuliko zote ambayo imo nzima mwanzoni mwake. Kata hiyo sehemu. Kinachobaki ndicho mteja alichonunua. Andika msimbo mdogo wa kufanya hivyo, lakini usiuruhusu ufute. Utoe kwanza pendekezo kwenye jedwali la pembeni, lenye namba ya ankara, jumla ya zamani na jumla mpya.

Hapo ndipo mashine ya EFD inapokuokoa. Wauzaji waliingiza jumla kwa mkono wakitazama dawa zilizokuwa kaunta, kwa hiyo ripoti yake ya Z, ile ya kufunga siku, ina mauzo ya kweli, na nakala za risiti zina saa ya kweli. Linganisha jumla mpya ya siku na ripoti ya Z ya siku hiyo. Zikikaribiana lakini hazifungani, tafuta mahali wateja wawili walinunua kitu kilekile mfululizo, maana hapo msimbo wako unaweza kukata zaidi ya inavyostahili. Stoo usiirekebishe kwa hesabu peke yake. Omba duka lihesabu rafu jioni moja, na tofauti uiingize kama marekebisho yenye tarehe na maelezo, bila kufuta mistari ya zamani.

Anza na jana, kwa kuwa risiti zake bado ziko droo na wauzaji bado wanawakumbuka wateja. Siku hiyo moja ikifungana na ripoti ya Z hadi shilingi ya mwisho, mpelekee bosi karatasi hizo mbili pamoja na lile jaribio linaloshindwa kwenye msimbo wa zamani na kupita kwenye mpya, kisha umwombe muda wa kumalizia siku zilizobaki. Ukikwama kwenye kukata ankara, niandikie tena, na uniambatanishie ankara kumi za mfululizo ukiwa umeondoa majina ya wateja.